Kahawa ya Mwanafunzi na Kahawa ya Mfanyakazi

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa zote njema ni za Allah, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na maswahaba zake.

Ndugu zangu wanafunzi, katika mazungumzo yetu baada ya swala ya Isha kuna hoja moja isiyokosekana kila muhula unapoanza. Mmoja husema wanafunzi wa siku hizi wanamaliza pesa mikahawani. Mwingine humjibu: "Mbona wafanyakazi wanakunywa kahawa hiyo hiyo, vikombe viwili kwa siku, na hakuna anayewasema? Kama ni halali kwa karani wa benki, imekuwaje kosa kwangu?" Swali hili ni zuri kuliko majibu linayopewa. Kwa kawaida hujibiwa kwa mkato, "Yeye ana mshahara," kisha kila mtu anakwenda kulala. Mimi naona hiyo ni nusu ya jibu, na nusu iliyobaki ndiyo nzito.

Kwanza tukiondoe kinywaji chenyewe katika ugomvi. Masufi wa Yemen walikuwa wakinywa kahawa tangu karne ya 15, iwasaidie kukesha katika dhikri. Mwaka 1511 Khair Beg, aliyekuwa akisimamia Makka kwa niaba ya watawala wa Misri, aliipiga marufuku. Kati ya walioipinga, wapo waliodai kwamba inalevya, na wapo waliochukizwa na vikao vya watu waliokusanyika kuinywa. Amri iliyotoka Cairo baadaye haikufuata ukali huo, na wanazuoni wengi wakatulia kwenye hukumu kwamba kahawa ni halali. Kwa hiyo hapa tunajadili matumizi tu. Lakini tuviweke akilini vile vikao, kwa maana tutavirudia.

Hapa Kampala kuna kahawa za aina mbili. Ipo ya mtu mwenye birika, kahawa nyeusi yenye tangawizi, inayonywewa kwa kikombe kidogo karibu na vituo vya teksi, masokoni, na nje ya baadhi ya misikiti. Mchukuzi wa mizigo wa Owino huinywa akiwa amesimama, anarudisha kikombe, anaendelea na kazi. Ipo pia ya mkahawani, yenye maziwa yaliyotiwa povu, meza, umeme na intaneti. Tuchukue mfano wa hesabu. Kikombe cha birika tukikadirie shilingi 1,000 na cha mkahawani shilingi 8,000. Anayekunywa mara nne kwa wiki, kwa wiki 15 za masomo, atatumia shilingi 60,000 kwa birika, au shilingi 480,000 mkahawani. Wengi wetu hatujawahi kuzijumlisha, kwa sababu hutoka mfukoni moja moja, na shilingi 8,000 haimtishi mtu.

Sasa turudi kwenye lile jibu la mshahara. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba Siku ya Kiyama mja ataulizwa kuhusu umri wake, elimu yake, mwili wake na mali yake. Kuhusu mali ataulizwa mambo mawili: aliipata wapi, na aliitumia katika nini. Karani wa benki ana la kusema kwenye swali la kwanza, na ni juu yake kujua kama chumo lake ni safi. Mwendesha bodaboda ana la kusema pia. Mwanafunzi je? Wengi wetu jibu letu ni fupi: nilitumiwa. Swali la kwanza limejibiwa na jasho la mtu mwingine, kwa hiyo uzito wote unatuangukia kwenye swali la pili.

Na hapa kwetu Uganda, jasho hilo mara nyingi lina harufu ya kahawa. Nchi yetu ni miongoni mwa zinazouza kahawa nyingi zaidi nje katika Afrika, na sehemu kubwa inalimwa na familia zenye mashamba madogo. Wapo kati yetu wanaosomeshwa na mibuni. Mbuni huchukua kama miaka mitatu kabla ya kuanza kuzaa vizuri. Kisha buni zichumwe kwa mkono, zianikwe juani, ziingizwe ndani mvua ikitisha, zitolewe tena. Zikikauka na maganda yake huitwa kiboko, na hivyo ndivyo wakulima wengi wanavyoziuza. Bei hupanda na kushuka, lakini tukisema kilo ya kiboko ni shilingi 6,000, zile shilingi 480,000 ni kilo 80. Mama aliyeinama kuchuma kilo hizo, huenda kahawa yenyewe haonji; asubuhi anakunywa chai ya rangi.

Je, hii ina maana kwamba mwanafunzi hana haki ya kunywa kahawa? Hapana. Wanazuoni wa madhehebu ya Hanafi wamemhesabu mtafuta elimu mwenye mwenendo mwema, asiyeweza kuchuma kwa sababu ya masomo, kuwa miongoni mwa wanaostahiki matumizi kutoka kwa baba hata akiwa mtu mzima. Anayetumiwa pesa asijione mwizi wala ombaomba. Lakini haki hiyo imefungamana na elimu na imepimwa kwa haja. Pesa za matumizi zinapoingia kwenye simu huja na nia ya aliyezituma: ale, apande gari, anunue kitabu, asome kwa utulivu. Hiyo nia ndiyo inayozifanya ziwe amana.

Mpaka hapa yule mfanyakazi ametoka salama, na ndipo ninapoachana na jibu la mkato. Mshahara ni wake, kweli, lakini je, wote ni wake? Mke ana haki humo. Watoto wana haki, wazazi waliozeeka wana haki, mwenye deni ana haki, na mali ikifikia kiwango basi zaka nayo ina wenyewe. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba katika pesa anazotoa mtu, zenye ujira mkubwa zaidi ni zile anazowatumia watu wa nyumbani kwake. Mfanyakazi anayekaa mkahawani kila jioni, na nyumbani mtoto amerudishwa shule kwa karo, hawezi kusema "nimechuma mwenyewe" akamaliza maneno. Ana mshahara, ndiyo, lakini nyumbani kuna wanaomngoja.

Basi nionavyo mimi, mwanafunzi na mfanyakazi hawatofautiani kwa kuwa mmoja yuko huru na mwingine amefungwa. Wote wawili wamebeba amana. Mwanafunzi anadaiwa na waliomtuma. Mfanyakazi anadaiwa na wanaomtegemea. Kikombe kile kile cha shilingi 8,000 kinaweza kuwa halali tupu kwa mwanafunzi aliyetimiza mahitaji yake na akajibana kwingine, na kikawa israfu kwa meneja aliyeacha deni la duka. Bei haitoshi kutoa hukumu. Ni lazima tuulize ni haki ya nani iliyorukwa ili kikombe kifike mezani.

Kipimo ninachopendekeza ni chepesi. Je, ungeweza kumwambia mwenye haki, kwa moyo mweupe, kwamba pesa hii umeitumia hapa? Mwanafunzi amwambie mama. Mfanyakazi amwambie mke. Mtume (s.a.w.) ametuonyesha kwamba dhambi ni lile linalokukwaruza kifuani na ukachukia watu wakuone nalo. Ikiwa unaposimulia siku yako kwa simu unaruka sehemu ya mkahawa, kifua chako kimekwisha kutoa fatwa.

Rafiki mmoja aliwahi kunipinga hapa, na hoja yake ina nguvu. Alisema mama yake angemruhusu chochote, kwa sababu anampenda, kwa hiyo kipimo changu hakipimi kitu. Nilimjibu kwamba sikuuliza kama mama angesamehe. Mama husamehe hata yale yanayomuumiza. Nimeuliza kama wewe ungeweza kusema bila kupunguza bei. Hayo ni mambo mawili.

Hoja yake ya pili niliikubali. Alisema mkahawani hanunui kahawa, ananunua meza. Hosteli ina kelele, umeme unakatika, na kazi ya kuandika lazima ikabidhiwe asubuhi. Ikiwa ni hivyo, shilingi 8,000 ni kodi ya meza kwa saa nne, na hiyo ni gharama ya elimu, ndiyo nia ile ile ya aliyetuma. Ila tuwe wakweli: mwenye kukodi meza hufungua kitabu.

Sasa tuvirudie vile vikao vilivyowakera watu wa Makka. Nakijua kikundi kimoja cha kujisomea kilichokuwa kikikutana kwenye baraza ya msikiti baada ya Alasiri. Kikahamia mkahawani kwa sababu ya intaneti. Ndani ya wiki chache wawili waliacha kuja, na mmoja wao ndiye aliyekuwa akiwaeleza wenzake hesabu. Hakuna aliyewafukuza wala kuwacheka. Bei ya kikombe tu iliwaambia wasije. Hili ndilo linaloniogopesha kuliko zile shilingi 480,000. Pesa zikipotea, mtu anaweza kuzichuma tena akihitimu. Ndugu aliyejiondoa kimya kimya kwa sababu ya umaskini, na sisi hatukuuliza yuko wapi, tutamrudishaje? Mfanyakazi anaweza kukaa na wa mshahara wake. Sisi tumekusanywa chuoni na msikitini, mtoto wa mfanyabiashara bega kwa bega na mtoto wa mvuvi, na desturi zetu za matumizi zisije zikavunja safu ambayo swala imeipanga.

Lakini nawaomba pia tusije tukageuka polisi wa vikombe vya wenzetu. Qur'an, katika Suratul-Israi, imewakataza wabadhirifu, na katika sura hiyo hiyo ikakataza mkono uliofungwa shingoni. Katika Suratul-Furqaan waja wa Mwingi wa Rehema wanasifiwa kwa kukaa kati ya mambo hayo mawili. Mwanafunzi asiyemnunulia mwenzake hata kikombe cha birika kwa jina la kubana matumizi, huyo naye ana la kujibu. Na usimhukumu unayemwona mkahawani. Huenda analipiwa, huenda anafanya kazi usiku, huenda ndiyo mara yake ya kwanza mwaka huu.

Nashauri mambo matatu. Kila mmoja ajumlishe matumizi yake ya mwezi mmoja, kwa siri, kati yake na Mola wake. Vikundi vya masomo vikutane mahali ambapo asiye na kitu anaweza kukaa bila kuagiza. Na tukitaka kahawa pamoja, tuchangie birika moja. Kwa bei ya kikombe kimoja cha mkahawani watu wanane watakunywa.

Allah atujaalie tuwe wenye kuchunga amana za waliotutuma, na siku tutakapokuwa wenye mishahara atujaalie tukumbuke haki za watakaotungoja. Amin.