Shujaa Anayevaa Bendera

Je, ni haki mtu mmoja kuivaa nchi nzima mwilini mwake? Captain America, aliyebuniwa na Joe Simon na Jack Kirby, alitoka mwaka 1941 akiwa amevaa rangi za bendera ya Marekani, na kwenye jalada la toleo la kwanza anampiga Hitler ngumi. Uingereza nayo ilipata Captain Britain mwaka 1976. Wasomaji huwapenda mashujaa hawa wa katuni kwa sababu wanaipa nchi uso.

Sisi wa West Nile tuna sababu ya kulitazama jambo hili kwa makini. Idi Amin, ambaye kwa baba alikuwa Mkakwa, alijichora mwenyewe kuwa shujaa wa aina hiyo. Alijaza nishani kifuani, akajiita Mshindi wa Milki ya Uingereza, na mwaka 1976 akawa rais wa maisha. Alitaka Uganda na yeye wawe kitu kimoja. Alipoanguka mwaka 1979, deni lake walidaiwa watu wa Arua na Koboko, wakiwemo wakulima na watoto ambao hawakuwahi kufaidi chochote kwake. Samaki mmoja akioza huoza wote, ndivyo walivyohukumiwa. Maelfu walikimbilia Zaire na Sudan.

Huenda msomaji akasema kwamba Uganda ina makabila zaidi ya hamsini, na bila alama ya pamoja kila mtu atarudi kwenye ukoo wake. Hoja hiyo ina uzito. Mimi pia husimama kwa furaha wimbo wa taifa unapoimbwa. Lakini anayesimama mbele ya bendera anaweza kuulizwa kama ameitumikia vyema. Aliyeivaa humwona kila anayemuuliza kuwa adui wa nchi.

Waandishi wa Captain America wenyewe waliiona hatari hiyo. Mwaka 1974, wakati wa kashfa ya Watergate, walimfanya agundue uovu katika ngazi za juu za serikali, akavua vazi lake na kujiita Nomad, yaani mhamaji. Aliendelea kuwatetea watu bila bendera.

Basi shujaa wa katuni kutoka Koboko angevaa nini? Wakakwa wako Uganda, Kongo na Sudan Kusini, kwa mipaka waliyochorewa na wakoloni. Wakenya wametuonyesha njia katika Shujaaz, iliyoanza mwaka 2010: DJ Boyie ni kijana asiye na kazi anayeendesha redio ya siri chumbani kwake. Silaha yake ni kusema na vijana wenzake. Wa kwetu angeweza kuwa mzee aliyewahi kuwa mkimbizi, ambaye leo anawapa jirani wa kambi ya Lobule, waliotoka Kongo, kipande cha shamba walime. Kwa maoni yangu huyo ni mzalendo kamili, kwa kuwa anaifanya Uganda iwe nchi ambayo mtu angetaka kuiita yake.