Usipake Rangi Juu ya Kutu

(Soma: Matayo 23, mafungu ya 25 hata 28, tena Matayo 5, mafungu ya 23 na 24.)



Bwana wetu alipowakemea Mafarisayo alitumia mfano wa vyombo vya nyumbani. Alitaja kikombe na sahani zilizosuguliwa nje, na ndani mna uchafu. Kisha akataja makaburi yaliyopakwa chokaa, mazuri kwa macho, na ndani mna mifupa. Nami leo nataka kuwaeleza habari ya chombo cha nyumbani kwangu, yaani pikipiki moja kuukuu. Katika habari hiyo mna aibu yangu mwenyewe, wala sitaificha; maana mwalimu asiyekiri kosa lake atawezaje kumfundisha mwingine kukiri?

Nalikuwa nikikaa Kizimkazi, kusini mwa kisiwa cha Unguja, kwa kazi ya shule. Watu wa huko wengi ni wavuvi na wakulima, nao ni Waislamu. Walinipokea kwa wema mwingi. Mzee mmoja jirani yangu alikuwa na Vespa ya zamani chini ya banda la makuti, imekaa miaka mingi bila kuwashwa. Aliniuzia kwa bei ndogo. Mimi sikujua ufundi wowote, ila kuziba pancha ya baiskeli. Lakini nalitamani sana kuitengeneza kwa mikono yangu.

Labda wako wasomaji wasioijua Vespa. Ni pikipiki ya magurudumu madogo, yenye bapa la chuma mbele la kukinga miguu na mahali pa kuiweka. Ilianza kuundwa Italia mwaka 1946, katika kiwanda cha Piaggio huko Pontedera. Kiwanda hicho kabla ya hapo kiliunda ndege za vita, nacho kilibomolewa kwa mabomu. Vita ilipokwisha, Corradino D'Ascanio, mhandisi wa ndege, akabuni chombo cha bei nafuu cha kuwasafirisha watu. Jina lake kwa Kitalia maana yake ni nyigu. Tena jambo hili mliweke moyoni: pikipiki nyingine zina mifupa ya mabomba ya chuma, lakini Vespa haina. Bati lile lile mnaloliona nje ndilo linalobeba injini, magurudumu na mtu. Bati likioza, chombo chote kimeoza.

Basi, mimi nalifanya nini? Nilinunua msasa na kopo la rangi ya buluu. Nikasugua juu juu, nikapaka. Nikasafisha plagi, nikatia petroli mpya iliyochanganywa na mafuta, kama ilivyo desturi ya injini za namna ile, nikaipiga teke mara nyingi hata ikawaka. Watu wakaja kutazama, wakasema, “Mwalimu, umekuwa fundi!” Nikafurahi kupita kiasi. Jioni ile ile nikaipanda.

Nikiwa katika mteremko mdogo, mtoto wa miaka kama sita akavuka njia na ndoo yake ya maji. Nikakanyaga breki. Mguu ukazama, wala hapakuwa na kitu. Nikaigeuza pikipiki ikaingia kichakani, lakini usukani ulimgusa mtoto, akaanguka, maji yakamwagika, goti likachubuka. Mungu alimlinda, hakuumia zaidi.

Bibi yake akatoka mbio, na watu wengine pia. Wakaniuliza, “Imekuwaje, Mwalimu?” Nami nikajibu upesi, “Mtoto amevuka ghafula bila kutazama.”

Ndugu zangu, neno lile halikuwa kweli. Mtoto alivuka kama watoto wote wa kijiji wavukavyo siku zote. Lakini nilikuwa nimekwisha kusifiwa, nikaogopa kushuka. Bibi akaniamini kwa sababu mimi ni mwalimu. Akamshika mjukuu wake mkono, na nilipokuwa nikiondoka nikasikia akimchapa.

Siku ya tatu nikaipakia pikipiki garini, nikaipeleka mjini kwa fundi mzee. Hakuitazama rangi. Aliilaza ubavuni, akatwaa bisibisi, akaigonga sakafu ya kuwekea miguu kwa upande wa chini. Bisibisi ikapenya kama iliyochoma boga bovu. Akavuta waya wa breki ya nyuma, upitao chini ya sakafu ile ndani ya mrija wake. Nyuzi zake zilikuwa zimeliwa na kutu ya hewa ya bahari, na zilizobaki zilikuwa zimekatika. Akaniambia, “Mwanangu, chombo hiki hukukitengeneza. Umekivika nguo tu.”

Nikamwomba anifundishe. Akakubali, lakini akasema, “Kwanza rudi ukaifungue yote. Usiogope kuona ubaya wake. Ubaya usiouona ndio utakaokuua.”

Jumapili iliyofuata ilikuwa zamu yangu kuhubiri katika usharika wetu mjini. Usiku wa Ijumaa nikafungua Biblia nitafute maneno, nikakuta Matayo 5, mahali Bwana afundishapo ya kwamba mtu aletaye sadaka, akikumbuka kuwa ndugu yake ana neno juu yake, aiache pale, aende kwanza kupatana naye. Sikupata usingizi. Nalimwona mtoto yule na goti lake.

Asubuhi nikaenda kwa bibi. Nikamwamkia, “Shikamoo, bibi.” Akaitika, “Marahaba, Mwalimu. Karibu.” Nikamweleza yote: kwamba breki ilikuwa mbovu, na mimi sikuitazama, kwamba mtoto hakukosa, kwamba nilisema uongo kwa kuogopa aibu. Akanyamaza kitambo, kisha akasema, “Mwalimu, mimi nimekusamehe. Lakini aliyechapwa si mimi. Mwambie mwenyewe.”

Nikakaa chini pale barazani, nikamwomba radhi mtoto wa miaka sita. Alinitazama sana, kisha akaniuliza neno moja tu: “Sasa inasimama?” Nikamjibu, “Bado. Nitaifungua yote.”

Kazi ile ilichukua miezi. Kila nati niliyoifungua nikaitia katika kopo, na kila kopo nikaliandika jina. Maana mgeni wa kazi husahau. Nikachora kila waya unakopita. Kabureta ilikuwa imegandamana kwa petroli ya zamani. Fundi akanikataza kuzibua vitundu vyake kwa waya wa chuma, maana waya huvipanua na kuviharibu. Akaniagiza nivioshe na kuvipuliza. Tairi zilionekana nzima, kumbe mpira wake umepasuka kwa uzee, tukazitupa. Waya zote tukatia mpya. Sakafu iliyooza tukaikata hata tulipofika kwenye chuma kizima, kisha fundi akachomelea bati jipya. Rangi ilikuwa kazi ya mwisho.

Lakini angalieni, hatukuitupa Vespa. Na kule Kizimkazi, upande wa Dimbani, uko msikiti wa kale wenye maandishi yaliyochongwa katika mawe ya ukuta wa kibla, ya mwaka 500 wa Hijra, yaani mwaka 1107. Katika karne ya 18 jengo lilijengwa upya. Lakini mawe yale yenye maandishi hayakutupwa, nayo yanasomeka hata leo. Ndivyo afanyavyo mtengenezaji wa kweli: huondoa kilichooza, na kilicho kizima hukitunza.

Wapendwa, Mungu naye hafanyi kazi ya kupaka rangi. Katika Katekismo Ndogo tunawafundisha watoto ya kwamba Ubatizo maana yake mtu wa kale ndani yetu azamishwe kila siku kwa toba, na mtu mpya aondoke. Je, sisi tuwafundishao tunafanya hivyo? Au tumekuwa na nguo safi za Jumapili, sauti nzuri ya kuimba, jina la mwalimu au la mzee wa kanisa, na chini ya sakafu mna waya uliooza? Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Na mara nyingi anayeumizwa kwanza si mwenye maradhi. Ni mtoto apitaye njiani na ndoo yake. Baba akificha dhambi yake, nyumba hulipa. Mwalimu akisema uongo, mdogo asiye na msemaji huchapwa.

Basi kila mmoja na ajiulize: yuko nani aliyeadhibiwa kwa kosa langu? Usingoje Jumapili. Usimwendee mkubwa wake tu, mwendee yeye mwenyewe, hata akiwa mtoto, hata akiwa wa dini nyingine. Wala usiogope kufunguliwa na Bwana. Yeye aonaye kutu yetu yote ndiye aliyetununua kwa damu ya Mwanawe, naye hawezi kutuacha bandani.

Siku Vespa ilipokwisha, naliisukuma mpaka mlangoni kwa yule bibi. Nikaipanda polepole mbele ya mtoto, nikakanyaga breki. Ikasimama. Mtoto akacheka, akaenda zake kuteka maji.

Ee Bwana, utuchunguze ndani, uondoe kilichooza, ututengeneze upya kwa ajili ya Yesu Kristo. Amina.