JUMATATU: Kanzu Ndogo ya Samweli

Soma 1 Samweli 2:12, 18, 19 na Kumbukumbu la Torati 6:6, 7.

Kule Mgeta, katika milima ya Uluguru, wapo wazazi wanaouza kabichi na viazi ili mtoto asome shule binafsi mjini Morogoro. Shule ya msingi ya serikali haitozi ada, lakini hufundisha kwa Kiswahili, na sekondari masomo ni kwa Kiingereza. Hofu yao ina msingi. Mwaka 2023 serikali ilizuia bweni kwa watoto wa awali hadi darasa la nne, isipokuwa kwa kibali. Basi mtoto hupelekwa kuishi kwa ndugu mjini.

Hana, mama yake Samweli, naye alimwacha mwanawe mbali, tena karibu na wana wa Eli waliokuwa waovu. Lakini alikwenda kila mwaka na kanzu aliyoishona mwenyewe. Ili imtoshe, ilimpasa kujua mtoto amekua kiasi gani.

Musa ataja kuketi nyumbani, kutembea njiani, kulala na kuamka. Saa hizo hazimo katika ada.

Jadilini: Mtoto anaposhinda mjini, ni nani anayeomba naye jioni? Shule ikiweka masomo ya ziada siku ya Sabato, ni nani atakayezungumza na mwalimu mkuu kabla ada haijalipwa?