Mizani ya Imani

Ikinga ni kata ya Ileje, mkoani Songwe, wilaya inayotenganishwa na Malawi kwa Mto Songwe. Maji ya mto hayamwulizi mtu dini yake. Anayeuliza ni binadamu.

Ng'ambo ya mto huo, mwaka 1967, serikali ya Kamuzu Banda iliwapiga marufuku Mashahidi wa Yehova. Kosa lao kubwa lilikuwa kukataa kadi ya chama tawala, kwa kuwa imani yao iliwakataza kujiingiza katika siasa. Mwaka 1972 walipigwa, wakafukuzwa makazini, wakachomewa nyumba. Maelfu yao walikimbilia Sinda Misale, Zambia. Kabla ya mwaka kwisha walirudishwa, na wengi wakakimbia tena, safari hii Msumbiji. Marufuku hiyo iliondolewa 1993.

Yupo atakayesema: kadi ni karatasi tu, kwa nini wasiinunue wakanyamaza, maadamu Mungu ayajua ya moyoni? Lakini amwambiaye mkimbizi arudi akajifiche humsaidia mtesaji kuimaliza kazi yake. Mwaka 2012 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, katika shauri la Waahmadiyya wawili wa Pakistan, iliamua kuwa mwombaji hifadhi hawezi kutakiwa aache ibada yake ili asalimike. Hukumu hiyo humkinga Mkristo vilevile.

Kweli, waongo wapo. Mtu aweza kubatizwa leo kwa ajili ya hati ya kesho. Hata hivyo, afisa anayemtahini mwombaji majina ya mitume hupima kumbukumbu, hapimi imani. Moyo hauna mizani duniani. Kinachopimika ni hatari: mtesaji amemdhania mtu huyu kuwa nani, naye atamtenda nini akirudi?

Watu wa pwani walijua shauri la namna hii, lililo kongwe kuliko mikataba yote. Waislamu wa mwanzo walioukimbia mji wa Makka walisimama mbele ya Najashi, mfalme Mkristo wa Uhabeshi, huku wajumbe wa Makureshi wakidai warudishwe, nao wamekuja na zawadi. Najashi aliwasikiliza kwanza, kisha akazirudisha zawadi. Hakuwataka wafanane naye, wala hakuwataka wanyamaze.

Fadhila ile ni deni. Hulipwa kila Mkristo aliyekimbizwa kwa ajili ya imani yake anapopiga hodi, akakaribishwa.