Naamini si Nadhani



Hapa Uganda tunasomeshwa kwa Kiingereza, na kitenzi "believe" hakitutoki mdomoni. Ukimuuliza mwenzako kama mtihani ni Jumatatu, hujibu "I believe so". Hana hakika, amekisia tu. Kitenzi hichohicho ndicho kinachotumika kwa kumwamini Mwenyezi Mungu. Kwa Waingereza hilo si kosa, ndivyo lugha yao ilivyo. Hofu yangu ni sisi kuichukulia imani yetu kama makisio.

"Amini" tumelipata kwa Waarabu, na shina lake ni moja na amani na amana. Mtume Muhammad (S.A.W.) aliitwa Al-Amin na watu wa Makka kabla ya utume, kwa ukweli wake na kutunza amana. Basi mwenye kuamini huaminika.

Tuisome Surat al-Hujurat, aya ya 14. Mabedui walidai wameamini. Wakaambiwa waseme wamesilimu tu, kwani imani ilikuwa bado haijaingia nyoyoni mwao. Aya ya 15 inawataja waumini wa kweli: hawakutia shaka, na walijitolea kwa mali na nafsi zao.

Mitihani inakaribia. Anayesema naamini Allah ananiona, kisha akaingia na majibu ndani ya soksi, huyo kwa vitendo amesema nadhani. Shahada ya chuo ya wizi inaipinga shahada ya ulimi. Nasema haya nikianza na nafsi yangu.

Allah atuthibitishe katika imani. Amin.