Mwenye Funguo na Mwenye Kubisha Hodi

Mfasiri aliyejifunza Kiingereza peke yake, kwa kamusi iliyochanika jalada na subira ya mvuvi wa mshipi, huwa na tabia moja: haachi neno limpite. Hivi karibuni nilikuwa nikiifasiri hadithi fupi ya Kiingereza, na ndani yake kijana mmoja anamtaja mzee wa jirani kwa neno “codger”. Nikaandika “mzee”, nikaliona halikukaa. Neno letu limevaa kanzu. Lile la kijana yule limevaa matambara. Basi nikaanza kulifuata lilikotoka, na safari ikawa ndefu kuliko hadithi yenyewe.

Waingereza wana maneno mengi ya mitaani ya kumwita mwanamume mzee: “codger”, “geezer”, “fogey”, “coot”, “gaffer”, na mengineyo. Aghalabu yana chembe ya kejeli ndani yake, hata yanaposemwa kwa kicheko. Ajabu ni kwamba lugha hiyo hiyo iliwahi kuuketisha uzee kitini. Katika Kiingereza cha kale, mtawala wa jimbo aliitwa “ealdorman”, na shina la cheo hicho ni uzee. Neno “sir”, ambalo mwanafunzi humwitia mwalimu wake hata katika madarasa yetu, limetokana na neno la Kilatini lenye maana ya aliyezidi kwa umri, likapitia kwa Wafaransa kabla ya kufika Uingereza. Seneti ya Roma nayo ilipata jina lake katika neno la Kilatini la mzee. Kutoka mzizi huo huo limekuja “senile”, ambalo lilipoingia katika Kiingereza karne ya 17 lilimaanisha tu jambo la uzeeni. Leo humaanisha mtu aliyepotewa na akili kwa uzee. Mzizi mmoja, tawi moja likazaa cheo na jingine likazaa tusi. Kwa nini?

Mwanahistoria Mmarekani David Hackett Fischer, katika kitabu chake *Growing Old in America* cha mwaka 1977, alidai kwamba nchini kwake mgeuko ulitokea baina ya miaka ya 1770 na 1820 hivi, pale fikra mpya za usawa na uhuru zilipoyatikisa mamlaka ya wazee, na maneno ya heshima yakageuka ya dhihaka. Wanahistoria wenzake walimpinga. Mimi si wa kuamua kesi yao. Ila nimeyapanga maneno yenyewe juu ya meza, kila moja na asili yake, nami nimeona jambo jingine.

“Codger” lilianza kuandikwa katika karne ya 18, na wachunguzi wengi hulinasibisha na “cadger”, yaani mchuuzi wa kutembeza bidhaa, jina ambalo baadaye likawa la mwombaji. “Fogey” limeandikwa na Francis Grose katika kamusi yake ya lugha ya mitaani ya mwaka 1785, kuwa ni jina la utani la askari asiyejiweza tena. “Geezer” lilichomoza katika maandishi ya miaka ya 1880, nalo hunasibishwa na “guiser”, mtu aliyejigeuza sura kwa mavazi na kwenda nyumba hadi nyumba katika sherehe za majira ya baridi, akicheza kwa kutarajia sarafu na chakula.

Yatazame matatu haya kwa pamoja, msomaji. Mchuuzi, askari aliyevunjika, mchezaji wa kupita majumbani. Hakuna hata mmoja ambaye jina lake lilianza kwa kuhesabu miaka. Wote ni watu wanaotegemea mlango wa mwingine ufunguliwe. Kejeli ilianza kwenye uhitaji wao, kisha ikapanda hadi kwenye mvi. Sisemi kuwa kila neno limepita njia hiyo. “Coot” ni ndege wa majini mwenye paji jeupe kama upara, na huyo hakumwomba mtu kitu. Lakini matatu kati ya maneno mashuhuri si haba.

Sasa litazame “gaffer”. Nalo lilikuwa jina la mzee wa kijijini, tangu karne ya 16, na wataalamu huliona kuwa ni ufupisho wa neno la baba wa ubatizo. Lingeweza kuporomoka pamoja na wenzake. Lakini katika karne ya 19 wafanyakazi walianza kumwita hivyo msimamizi wao, na hadi leo wachezaji mpira wa Uingereza humwita hivyo kocha wao, hata akiwa kijana wa miaka arubaini. Heshima ilibaki kwa sababu neno lilihamia kwa mtu anayepanga zamu na kuamua nani acheze. Mvi zilipoondoka, funguo zilibaki, na heshima ikafuata funguo.

Hilo ndilo ninalolidai: lugha haikuudharau umri. Ilimdharau asiye na kitu, kisha ikamwita kwa umri wake ili dharau isionekane kuwa ni ya mfuko. Na Uingereza ya wakati huo ilikuwa na wengi wasio na kitu. Kwa sheria ya maskini ya mwaka 1834, mzee aliyeishiwa aliweza kujikuta katika nyumba ya kazi, akivaa sare, ametengwa na mkewe. Haikuwa hadi mwaka 1908 ndipo ikapitishwa sheria ya pensheni ya uzee, na malipo yakaanza tarehe 1 Januari 1909: shilingi tano kwa wiki kwa aliyetimiza miaka 70, tena awe na kipato kidogo na mwenendo unaoridhisha. Hata hapo, mzee alitakiwa kwanza athibitishe kuwa ni mtu mwema.

Nitaambiwa: haya ni maneno ya utani tu, na Waingereza huyasema kwa mapenzi. Kweli, husema hivyo pia. Lakini sisi watu wa pwani tunaujua utani na sheria zake. Mtani wangu hunitukana kwa kuwa nami nina haki ya kumtukana, na msibani nikitaka hunifanyia vituko nisikasirike. Utani ni mkataba wa watu wawili. Pale mmoja anaposema na mwingine hawezi kurudisha, kwa kuwa anangoja kupewa, huo si utani tena, hata kama wote wawili wanacheka.

Nilipofika hapo nilijiona nimeshinda. Nikamwendea mke wangu jikoni kumweleza balaa la Waingereza, na jinsi nisivyoweza kulipata neno la kuifasiri dharau yao, maana Kiswahili kimemstahi mzee. Hakugeuka kutoka kwenye nazi aliyokuwa akiikuna. Akasema: “Neno unalo, baba. Juzi ulilisema Darajani. ‘Kibabu hiki kimetuzibia njia.’”

Ni kweli nilisema. Palikuwa na hamali mmoja, mtu mzima sana, amekwama na mkokoteni wake. Dakika chache kabla, ndani ya duka, nilikuwa nimempa mkono mwenye duka, ambaye kwa kukisia ni umri mmoja na hamali yule, nikamwita mzee, nikamuulizia hali yake na ya watoto. Miaka ile ile, mvi zile zile. Nilichofanya ni kubandika kiambishi: babu akawa kibabu, akahamishwa kutoka ngeli ya watu akatiwa pamoja na viti na vikapu. Waingereza walihitaji karne kadhaa kumshusha mzee. Mimi nilihitaji silabi moja.

Hata maneno tuliyoyapokea kutoka Uarabuni yana hadithi hii. Shekhe, kwa asili yake, ni mtu mzima wa umri. Shaibu ni mwenye mvi. Wa kwanza alishika elimu na uongozi, akabaki na kilemba chake hata akiwa kijana. Wa pili hakushika kitu ila mvi, na sasa tunamsikia zaidi katika maskhara.

Wahenga wamesema penye wazee haliharibiki neno. Mimi naogopa kwamba neno lenyewe ndilo linaloweza kuharibika, na wazee wakiwapo. Hapa Zanzibar, tangu mwaka 2016, kila aliyetimiza miaka 70 hupewa Pensheni Jamii bila ya kuulizwa alifanya kazi wapi. Ilianza kwa shilingi 20,000 kwa mwezi. Si fedha nyingi, lakini mtu mwenye chake mfukoni huingia dukani kama mnunuzi. Naamini fedha ile imelinda neno “mzee” kuliko mashairi yetu, na yangu nikiyahesabu.

Katika tafsiri yangu nimeandika “kibabu”. Kijana wa hadithi alidharau, na si kazi ya mfasiri kumwosha mtu kinywa. Kinywa changu ni shauri jingine. Wiki iliyofuata nilimkuta hamali yule yule, nikamwambia: “Shikamoo, mzee wangu,” nikamwomba anibebee gunia la mchele hadi kituoni. Akaitikia, akataja bei. Nami, kwa mazoea, nikaanza kumkata.

Nilikuwa nimeshamteremsha nusu nzima nilipojisikia. Nikanyamaza, nikamlipa alichotaja mwanzo. Alinitazama kidogo, kama mtu anayetaka kujua nimepatwa na nini, kisha akainama kushika mikono ya mkokoteni. Neno “mzee” nilikuwa nimempa bure, na kwa bei hiyo nilikuwa nimempa wengi.