Je, Ni Utani au Ni Uonevu?

Soma kwa Ajili ya Somo Hili: Mithali 26:18, 19, 1 Samweli 1:1–18, Mwanzo 37:3, 4, 18–30, Wagalatia 6:2.

Kijana anayemdhihaki mwenzake, akiulizwa na mwalimu, mara nyingi ana jibu moja: "Nilikuwa namtania tu." Soma Mithali 26:18, 19. Sulemani alilijua jibu hilo. Anayemhadaa jirani yake kisha akadai ni mzaha, anamfananisha na mwendawazimu anayetupa moto na mishale.

Hata hivyo, Watanzania wamelelewa katika utani. Je, mpaka kati ya utani na uonevu uko wapi?

Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu enzi za misafara ya kwenda pwani. Mtani humtukana mtani wake mchana kweupe, naye ana haki ya kumrudishia. Msibani huigiza mwendo wa marehemu mpaka wafiwa wacheke, kisha hushika jembe na kusaidia kuchimba kaburi. Hivyo utani wa kweli una mambo mawili: kurudishiana na kuwajibika. Uonevu hauna hata moja. Anayeonewa hawezi kurudisha neno, kwa kuwa ni mdogo, ni maskini, ni mgeni, au umbile lake ni tofauti. Siku akipata shida, waliomcheka hawaonekani.

Katika Kanda ya Ziwa Victoria swali hili lina uzito wa pekee. Kwa miaka mingi watoto wenye ualbino waliitwa majina ya kuwatoa katika ubinadamu. Ilisemwa kwamba ni mizimu, kwamba hawafi bali hupotea. Wengi waliosema hayo hawakushika panga kamwe. Lakini mashambulizi yalipoanza kujulikana kote nchini, kuanzia miaka ya 2006 na 2007, waliotafuta viungo vya watu hao kwa ushirikina walikuta jamii iliyokwisha kuzoea kusikia kwamba hawa si watu kama wengine.

Hata pasipo panga, dhihaka inaweza kuua. Mtoto mwenye ualbino huhitaji kofia pana na mikono mirefu. Akichekwa kwa sababu ya kofia, huivua. Akiivua, jua humchoma na kumweka katika hatari ya saratani ya ngozi. Huhitaji pia kukaa karibu na ubao, kwa kuwa macho yake hayaoni mbali. Akizomewa, hurudi nyuma, na masomo humpita. Mjini Sengerema, ng'ambo ya Ghuba ya Mwanza, ipo sanamu ya kuwakumbuka wahanga. Baba asiye na ualbino amembeba mabegani mtoto wake mwenye ualbino, na mama anamvika mtoto huyo kofia.

Soma 1 Samweli 1:6–18. Penina alimchokoza Hana mwaka baada ya mwaka, hata akalia na kuacha kula. Elkana alimpenda mkewe, lakini alimwuliza kwa nini analia wakati anaye yeye. Ndivyo wazazi wengi wanavyosema: "Wapuuze tu." Eli naye alianza kwa kumshutumu kwamba amelewa. Lakini Hana alipojieleza, Eli alisikiliza, akabadili maneno yake, akambariki. Ndipo Hana akaenda akala, na uso wake haukuwa na huzuni tena. Kijana anayeonewa huanza kuponywa pale mtu mzima anapomsikiliza mpaka mwisho kabla ya kumshauri au kumlaumu.

Soma Mwanzo 37:18–30. Reubeni hakuukubali uovu wa ndugu zake. Alikusudia kumwokoa Yusufu, lakini kwa siri, baadaye, wengine wasipoona. Aliporudi shimoni, kijana hayupo. Wanafunzi wengi ni akina Reubeni: hawapendi dhihaka, lakini hucheka kidogo ili wasichekwe wao. Mwonevu hutegemea kicheko hicho. Rafiki mmoja akienda kuketi waziwazi kando ya anayezomewa, mchezo hupoa.

Mwonevu naye asisahauliwe. Chuki ya ndugu za Yusufu ilianza nyumbani, kwa baba aliyempenda mmoja kuliko wengine (Mwanzo 37:3, 4). Kijana anayewadharau wenzake arekebishwe kwa uthabiti, alipe alichoharibu na kuomba radhi. Asiaibishwe mbele ya watu, maana hapo atakuwa amefundishwa kudharau kwa mara ya pili.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumbagua mtoto kwa sababu ya ulemavu, na simu ya msaada kwa mtoto, namba 116, hupigwa bila malipo. Lakini Wagalatia 6:2 haisubiri sheria. Anayetaka kujua kama maneno yake ni utani na ajiulize: je, niko tayari kuubeba mzigo wa huyu ninayemcheka?

Maswali ya Kujadili:

1. Je, katika darasa lenu la vijana kuna jina la utani ambalo mwenye kuitwa hakulichagua? Mfanye nini?

2. Kwa nini ilikuwa vigumu kwa Reubeni kusema wazi? Ni nini kingemsaidia?

3. Wazazi wafanye nini ili kijana aweze kusema anapoonewa, na pia anapokuwa yeye ndiye mwonevu?